Kwaya Yenye Mbwa Ndani Yake

Najua wapo ambao gazeti la wiki jana lilifungiwa maandazi kabla hawajafika kwenye safu yangu. Kwa hao nitarudi nyuma kidogo, wengine mnivumilie.

Mimi ni Dorika, wengi mnaniita Mama Huruma, naishi hapa Masasi. Mjukuu wangu Pendo yumo ndani huko Newala, anafundwa, na Jumamosi hii anatoka. Mwali wa ukoo wetu akitoka huimbiwa wimbo ambao haimbiwi mwali mwingine yeyote. Aliyeujua wote ni marehemu mama yangu, Julia, aliyekuwa nyakanga, mkuu wa unyago. Sisi tuliobaki tunaujua mpaka ubeti wa tatu. Wa nne, ambao ndio unaompa mwali jina lake, umetutoka vichwani sote. Bila huo, Pendo atatoka kama mgeni aliyesindikizwa nusu ya njia.

Tumaini lilikuwa moja tu. Zamani hizo nilipochezwa unyago mimi, mama aliruhusu mwanamke mmoja wa misheni, Bibi Ida, mzungu, aingie na mashine yake ya kunasa sauti. Bibi Ida alipoondoka alimwachia mama ule mkanda, umezungushwa kwenye gurudumu lake. Mama akauweka sandukuni, maana hakuwa na cha kuuchezea.

Mnakumbuka nilivyofika Newala nikamkuta Yeremia, mtoto wa marehemu kaka yangu, yuko shambani ameushika, anataka kuutandaza juu ya mtama ufukuze ndege. Aliapa hajavuta hata pima moja. Mimi nikamwambia maneno ambayo shangazi hamwambii mtoto wa kaka yake, nikampokonya. Wiki jana nikawasimulia ulivyodumbukia ndoo ya dagaa wa mtu ndani ya basi, na nilivyomfikishia shemeji yangu Ladislaus, mtu pekee Masasi mwenye mashine ya kuuchezesha.

Na nikamdanganya. Nikamwambia ni kwaya.

Hapo ndipo tulipoachana, wasomaji.

Ladislaus aliupokea kwa mikono miwili. Akaugeuza polepole, akaunusa.

"Kwaya," akasema.

"Kwaya."

"Ya wapi?"

"Ya misheni, shemeji."

"Haya." Hakuuliza tena, na mimi nikamshukuru Mungu kwa shemeji asiye mdadisi.

Ladislaus ni mdogo wa marehemu mume wangu. Ujanani alikuwa fundi redio Newala. Akaenda Dar, akafanya kazi ya simu mpaka akastaafu, akarudi na makreti ya mbao yaliyojaza lori. Watu wakadhani sasa Veridiana mkewe atapata kabati la vyombo. Kumbe ni spika mbili ndefu kuliko mwenyewe, mashine za kila namna, na santuri za muziki wa dansi tele.

Chumba kikubwa cha nyumba ile si cha kulala wala cha wageni. Ni cha kusikilizia. Kuta kazibandika trei za mayai. Mashine ya santuri imekaa juu ya bamba la jiwe alilochongesha mlimani, isitikisike mtu akipita. Kiti ni kimoja tu, katikati, na miguu yake imewekewa alama sakafuni. Anasema sauti za spika mbili zinakutana pale kwenye kiti na si kwingine. Ukikaa pembeni umesikia nusu ya wimbo.

Niliwahi kumwuliza nusu ina ubaya gani, mbona kanisani tunakaa pembeni na tunabarikiwa. Alinitazama kwa huruma.

Kuna amplifaya yake yenye taa za kioo, zinawaka rangi ya kaa la moto. Hiyo ndiyo Veridiana anayoiita mke mwenza.

"Mwenzangu huyo anapanguswa kwa kitambaa laini kila asubuhi," huniambia. "Mimi kitambaa laini nilikiona siku ya harusi."

Tangu aambiwe kwamba hatua zake zinatikisa sindano, hajaingia chumba kile. Na kila nikiondoka kwao ananipa paketi ya chumvi. Nyumba yao ina chumvi ya kuwatosha wavuvi wa Mtwara wote. Nikiuliza, anasema muulize mwenye nyumba, yeye ndiye anayenituma dukani.

Basi. Ladislaus akasema tungoje Jumapili. Jirani yao ana mashine ya kusaga, na siku za kazi, anasema, umeme unakuja na pumba. Jumapili mashine imefungwa, umeme ni msafi. Mimi umeme nilijua unawaka au hauwaki, lakini nikaitikia.

Jumapili asubuhi akaingia Bi Pili kutoka Newala.

Bi Pili ndiye nyakanga wa sasa, naye ni wa ukoo wetu. Nilimwomba aje kwa siri, aje ajifanye amekuja kusalimia. Alishuka bodaboda, akaamkiwa shikamoo, akaitikia marahaba, na palepale mlangoni, mbele ya Ladislaus, akaniuliza.

"Mama Huruma, huyu mwanaume anafanya nini na nyimbo zetu?"

Nilitamani kujificha nyuma ya spika. Nafasi ilikuwepo ya kutosha.

Nikamgeukia Ladislaus nimwombe radhi. Nikakuta hana hasira. Hana hata mshangao. Alikuwa anafuta miwani.

"Kama ni hivyo, mimi nitatoka," akasema. "Nitamfundisha shemeji kuendesha mashine, kisha nitaondoka nyumbani."

Veridiana, aliyekuwa anachambua mchele, akaacha mkono hewani. Mume ambaye hamruhusu kufuta vumbi anataka kuiacha mashine mikononi mwangu, mimi niliyeishia darasa la nne, ambaye simu yenyewe napigiwa na wajukuu.

Nikadhani ni heshima. Wasomaji wangu, nilidhani ni heshima.

Veridiana alishauri tumwache tu mumewe aunase kwenye simu bila kusikiliza, halafu tusikilize kwa nafasi Newala. Bi Pili akakataa kabla hajamaliza. Wimbo ukiingia kwenye simu, alisema, jioni uko Dar, na kesho yake mtu anaucheza dansi.

Basi nikafundishwa.

Kwanza nikanawa mikono, nikaambiwa ninawe tena. Mkanda ule umezeeka, akasema, ukipita unaacha unga wa kahawia, na unga huo ndio sauti yenyewe inayodondoka. Unaweza kupita mara moja. Mara ya pili hatoi ahadi.

Akanipa mkanda wake wa dansi nijaribie. Pitisha hapa, zungusha pale, usivute, bonyeza hiki. Nilipobonyeza, akaniambia nikae kitini.

Nikakaa. Lo. Sikuwa nimewahi kukaa. Mpiga gitaa alikuwa mbele yangu, mkono wa kushoto, karibu na dirisha. Nilimsikia vidole vikiteleza kwenye nyuzi. Mwimbaji akalamba midomo kabla ya kuimba, nikasikia. Nikageuka nione kama Ladislaus ameleta watu.

"Umeona sasa kwa nini si nusu?" akauliza.

Nikasema nimeona.

Kisha akanifundisha kuunga, kama mkanda ukikatika. Unaweka ncha mbili pamoja, unakata kwa mkasi mshazari, si wima, unaziba kwa utepe mwembamba. Ukikata wima sikio linasikia kishindo pale kwenye kiungo. Ukikata mshazari sauti inapita kama maji. Alikata mkanda wake mzima mbele yangu ili nione.

Mwisho akanionyesha kitufe cha sauti.

"Hiki usikiache. Ukisikia mbwa, punguza haraka, maana vigelegele vinafuata, na vitapasua spika."

Nikarudia kama mwanafunzi. Mbwa, punguza.

Ladislaus akavaa kofia, akaondoka. Bi Pili akamwagiza aende mpaka kwa wauza mihogo, ng'ambo ya barabara, na Veridiana akachungulia dirishani mpaka alipomwona amekaa huko na kipande cha muhogo mkononi. Tukafunga mlango. Tukafunga dirisha. Pazia likashushwa.

Wanaume mnaosoma, ruka mpaka nitakapowaita. Sitaandika maneno yenyewe, lakini adabu ni adabu.

Nilibonyeza. Kwanza pakawa na upepo. Halafu miguu ya watu, wengi, kwenye mavumbi. Halafu mama akakohoa kidogo, kama alivyokuwa akikohoa kila akitaka kusema jambo.

Sijamsikia mama yangu miaka mingi. Hata sura yake imeanza kuniponyoka, nabaki na gauni lake tu. Na sasa alikuwa pale, kati ya spika mbili, kimo chake kilekile, nasikia bangili zake zikigongana akiinua mkono. Akatuambia tukae vizuri. Nikajikuta nimenyoosha miguu.

Nyuma yake wasichana wakaitikia, na mmoja anachelewa kila mara, anaimba akiwa nyuma ya wenzake. Bi Pili akaniangalia.

"Ni wewe huyo."

Ni mimi. Hata leo kanisani nachelewa hivyohivyo.

Zikapita nyimbo mbili. Mbwa akabweka, mbali, kushoto. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kitufe, nikapunguza, na vigelegele vikaja vikapita salama.

Bi Pili hakupiga makofi. Aliuliza polepole, "Mama Huruma, umejuaje?"

"Shemeji aliniambia. Ukisikia mbwa..."

Na yeye shemeji alijuaje?

Lakini hatukuwa na muda, kwa sababu wimbo wetu ulianza. Ubeti wa kwanza, tukaimba na mama. Wa pili. Wa tatu. Bi Pili alifumba macho, Veridiana alisimama mlangoni akisikiliza tu, maana yeye ni wa ukoo mwingine na hakuwahi kuusikia. Sote tukanyamaza tuudake ule wa nne.

Mama akavuta pumzi. Niliisikia ikiingia, pumzi nzima, kama yuko begani kwangu.

Halafu pwa, pwa, pwa, pwa. Ncha ya mkanda ikipiga mashine. Umekwisha.

Wanaume, karibuni tena.

Bi Pili alisimama akasema Yeremia alaaniwe, yeye na mtama wake. Mimi nilikuwa tayari kumuunga mkono. Nikaushika mkanda nione alikoukata, na nikatazama kwa muda mrefu zaidi ya nilivyokusudia.

Ncha ilikuwa ya mshazari.

Tena kulikuwa na jambo lingine. Mwisho wa mkanda ndio unaokaa ndani kabisa, kwenye kitovu cha gurudumu. Yeremia kama angevuta, angevuta wa juu. Huu wa ndani asingeufikia mpaka aumalize wote. Nikakumbuka maneno niliyomtupia mtoto wa watu mbele ya vibarua wake.

Nikawaonyesha. Nikawaeleza habari ya mkasi.

Veridiana ndiye aliyecheka, kicheko kisicho na raha.

"Chumvi," akasema.

Tukamwangalia.

"Kila akinunua mashine mpya. Spika mpya, waya mpya, lile jiwe. Kabla hajaweka santuri yoyote, anatoa kibati cha ugoro, na yeye ugoro havuti. Ananiambia, Mama Cecil, kalete chumvi. Nikirudi kibati hakipo na yeye macho mekundu. Maisha yangu yote nadhani ni mwanamke wa Dar."

Bi Pili akafungua mlango mwenyewe. Akamwita kutoka kwenye ngazi, kwa jina tupu, bila Mzee wala Baba, na Ladislaus akaja na muhogo wake.

Nikamwonyesha ncha. Sikuhitaji kuuliza.

"Niliukata mimi, shemeji," akasema.

Alitusimulia akiwa amesimama nje, hakuvuka kizingiti. Mashine ya Bibi Ida iliutafuna mkanda mwishoni, Bibi Ida akaipeleka kwa fundi, na fundi Newala alikuwa yeye. Alitakiwa kuijaribu mashine baada ya kuitengeneza, na mkanda ulikuwa humohumo. Akausikiliza wote. Kile kipande kilichokunjika akakikata, akamwambia Bibi Ida kimeharibika hakifai. Usiku huo akakinyoosha kwa kijiko cha moto.

"Nilikuwa sijawahi kusikia mtu akivuta pumzi kwenye redio," akasema. "Redio zetu zilikuwa zinakoroma tu. Pale nikasikia mtu mzima. Nikajua inawezekana. Kila spika niliyonunua tangu hapo nilitaka kujua jambo moja tu, kama hiyo nayo itanipa sauti ile inayofuata ile pumzi, na itanipa vizuri zaidi."

"Ulijua ni nani?" nikauliza.

"Sikujua. Mpaka kaka yangu alipokuoa, tukaja kwenu kujitambulisha, mama yako akakohoa kidogo, akasema karibuni. Nilitaka kukimbia. Mama mkwe wa kaka yangu, nami nimemsikia kama anavyosikiwa na mwali tu. Ningemwambia nani?"

Veridiana alimtazama kwa jicho ambalo sijui kama ni la kusamehe au la kuhesabu paketi za chumvi.

"Toa," Bi Pili akasema.

Akatoa kibati kwenye mfuko wa shati. Ndani mlikuwa na mkanda mwembamba, umejiviringa kama konokono, umepauka kwa kuchezwa. Ubeti wa nne wa mama yangu. Jina la Pendo.

Nikanyoosha mkono. Akakifunga.

"Si kwa ubaya, shemeji. Pale ulipokunjika, mkanda ule haukishiki kichwa cha mashine kinachosoma sauti. Lazima mtu aubonyeze kwa kidole unapopita, na kidole kinafuata sikio. Kikizidi unakatika, kikipungua hamsikii neno. Mimi mwenyewe ilinichukua miaka. Na sasa umechakaa, sidhani kama una safari nyingine zaidi ya moja. Mtanihitaji ndani."

"Mwanaume haingii," Bi Pili akasema.

"Basi."

Ng'ambo kule wauza mihogo walikuwa wameacha kazi wanatutazama sisi.

Bi Pili akazunguka ua mara kadhaa, mikono nyuma. Alipomaliza kuzunguka alikuwa na hukumu.

"Aliyesikia yale ni mmoja wa wawili. Ni mwizi, au ni mwali ambaye hajatolewa. Mwizi simtaki kwenye shughuli ya mtoto. Mwali namtaka." Akafungua kanga yake ya juu, akamtupia Ladislaus, ikamtua begani. "Vaa, jifunike, uingie kama kila mwali anavyoingia. Na Jumamosi utatoka nyuma ya Pendo, Newala, watu wakuone."

Nilitegemea Ladislaus akasirike. Mzee wa kanisa, mwenye wajukuu, mstaafu wa simu. Alifikiri. Kisha akauliza swali moja tu, na kwa unyenyekevu.

"Na kiti changu nitakalia?"

"Mwali hakai kitini," Bi Pili akamjibu. "Mwali anakaa mkekani, kichwa chini."

"Mkekani sauti hazikutani, Bi Pili. Nitasikia nusu."

"Hiyo shauri yako."

Hapo ndipo alipogoma. Kanga hakukataa, Newala hakukataa, mkeka akakataa. Akaenda kuketi barazani, na huko ndiko aliko ninapoandika haya. Leo ni Jumatano, na mimi na Bi Pili bado tuko hapa kwao. Kanga iko begani, hajaivaa wala hajairudisha. Kibati kiko mfukoni. Jumamosi inakuja.

Yeremia nimemwomba radhi kwa simu, akaniambia, shangazi, ndege wamekula mtama wote.

Nilikuwa nimefika hapa nikidhani nimemaliza, nikasikia vitasa vya chumba cha kusikilizia. Veridiana ameingia chumba kile kwa hatua zake zote, ameburuta kiti cha mumewe nje ya alama zake mpaka ukutani, na katikati, pale pale zinapokutana sauti, ametutandikia mkeka sisi wanawake. Bi Pili amesimama na mkasi na utepe, ananitazama mimi, maana wa kuunga na kubonyeza kwa kidole sasa ni mimi.

Halafu Veridiana akatoka barazani.

"Baba Cecil," akasema, "nenda dukani ukaniletee chumvi. Kibati acha."

Ladislaus akanitazama kupitia dirishani. Akatazama mikono yangu. Kisha akainuka, na mkono wake ukaenda kwenye mfuko wa shati, ukatoka na kibati.